Faili Iliyobadilishwa Kabla ya Kuzaliwa

Kompyuta yangu ya mezani ilikata roho Jumanne. Niliiwasha, feni ikazunguka kidogo, kisha kimya. Fundi akaniambia kilichokufa ni bodi mama, diski yenyewe ni nzima. Nikaing'oa nikaipeleka kwenye mpakato mpya, nikiamini ni kazi ya jioni moja.

Jioni ya kwanza iliishia kwenye kebo. Niliunganisha diski kwa kebo ya USB ninayotumia kwa diski ndogo, haikuzunguka hata kidogo. Nikaanza kuomboleza. Kumbe diski pana ya inchi 3.5 inataka pia umeme wa volti 12, na kebo yangu hutoa volti 5 tu, zinazozitosha zile za inchi 2.5. Nikaazima adapta yenye plagi yake ya ukutani, na ule mvumo niliouzoea ukaanza.

Kisha nikazuiwa mlangoni pangu mwenyewe. Folda yenye jina langu iliandika kwamba sina ruhusa. Windows haimjui mtu kwa jina, inamjua kwa namba ndefu ya akaunti, na mimi wa mpakato mpya nina namba nyingine. Nilijitangaza mmiliki, ikafunguka. Hapo ndipo nilipopata baridi: nenosiri nililokuwa nikiliandika kila asubuhi miaka yote hiyo halikuwa limefunga chochote. Yeyote mwenye bisibisi na kebo angesoma kila kitu, maana sikuwahi kuisimba ile diski, yaani kuyageuza yaliyomo yasisomeke bila ufunguo.

Nilikuwa nimeapa kuchagua, nisibebe takataka. Folda ya kwanza ilikuwa na barua ya kuomba kazi: barua_mwisho, barua_mwisho_kabisa, barua_mwisho_ya_kweli. Nikazisoma zote. Ilipofika saa sita usiku nilikuwa nimeamua kuhusu faili saba. Nikasalimu amri, nikanakili zote.

Video moja kubwa ilipita kwa dakika chache. Folda ya vifaili vidogo, ambayo haikufika hata nusu ya uzito wake, ilinikesha. Kila kifaili lazima kifunguliwe, kiandikishwe, kifungwe, hata kama ndani yake mna mstari mmoja. Programu sikuzigusa, hizo husakinishwa upya. Nilichokaribia kusahau ni folda ya AppData, ambayo hufichwa: humo ndimo zilimokuwa alamisho zote za kivinjari changu.

Asubuhi nikatazama sifa za faili moja. Imeundwa: leo. Imebadilishwa: 2011. Nakala huhesabiwa kuwa imezaliwa siku inapotua kwenye diski mpya, lakini tarehe ya kuhaririwa husafiri nayo. Kwa hiyo sasa nina maelfu ya nyaraka zilizohaririwa miaka mingi kabla hazijakuwepo. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu zile za 2011 sikumbuki hata kidogo kuziandika.

Nikalinganisha idadi ya faili upande huu na ule. Zimepungua tatu. Mbili ni takataka za mfumo. Ya tatu inaitwa sauti003, megabaiti 11, na kila nikijaribu kuinakili diski inagota palepale, inakwaruza, inakata tamaa. Sekta mbovu, vile vipande vya diski visivyosomeka tena, bila shaka. Nilijaribu mara tatu nikaacha, maana diski iliyoanza kukwaruza ukiilazimisha unaimaliza, na zipo programu za kuokoa zinazojua kuruka palipoharibika na kuchukua palipo pazima.

Megabaiti 11 za MP3 ya kawaida ni kama dakika kumi na moja za mtu akizungumza. Labda ni mimi tu, najaribu maikrofoni. Diski nimeifunga kwa kitambaa, iko kwenye droo, na sijaifuta.