Kishikwambi kilikuja mwisho: darasa langu lilivyopima mvua

Kila tunapoitwa kwenye mafunzo ya TEHAMA, swali la kwanza la walimu ni lilelile: vifaa viko wapi? Nami nimeliuliza mara nyingi tu. Ninafundisha Sayansi na Teknolojia Darasa la Sita katika shule ya msingi wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Darasa lina watoto themanini na kitu, umeme unakuja na kuondoka, na kifaa pekee cha kidijitali ni kishikwambi kimoja, katika vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha walimu tukagawiwa. Kipindi ni dakika 40. Kikizunguka darasa zima, kila mtoto anakishika nusu dakika, na hiyo nusu dakika yenyewe ataitumia kutafuta kamera.

Kwa hiyo msimu uliopita wa mvua nilikifungia kabatini. Nilitaka kwanza watoto wawe na takwimu zao wenyewe, walizozitolea jasho, ndipo wakione kifaa kikizifanyia kazi.

Tulichagua mvua kwa sababu huku kwetu ndiyo habari ya mji. Dodoma ina msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi, na mvua ya mwaka mzima kwa kawaida ni kati ya milimita 550 na 600. Kila mtoto amewahi kumsikia mzazi akisema mwaka huu imenyesha au haikunyesha. Ngapi hasa, nyumbani hakuna anayejua.

Kipimamvua tulitengeneza kwa chupa za maji za lita moja na nusu. Chagua chupa yenye ubavu ulionyooka, zile zenye viuno hazifai. Unakata juu kwa kiwembe (hapo mwalimu akate mwenyewe), kile kipande cha shingoni unakigeuza kichwa chini na kukirudisha ndani kama faneli, ili maji yakiingia yasikaushwe na jua. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo tunatia kokoto ndogo na kumimina maji hadi usawa wa pale ubavu unapoanza kunyooka. Hapo ndipo sifuri. Kuanzia hapo unabandika ukanda wa karatasi uliochorwa kwa rula na kuufunika kwa selotepu. Chupa inafukiwa kidogo ardhini, mbali na mti na ukuta, na kuzungushiwa miiba. Miiba si pambo. Kipimamvua cha kwanza kiliangushwa na mbuzi kabla hakijaona tone.

Ubishi ulianza palepale. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akasema: "Mwalimu, hii chupa ni ndogo, itapata mvua kidogo. Tuweke ndoo." Nusu ya darasa ikamuunga mkono. Ningeweza kuwaandikia ubaoni kwamba kipenyo hakibadilishi kina, wakanakili, yakaisha. Badala yake tukaweka vitu vitatu uwanjani: chupa, sufuria kubwa ya jikoni yenye kuta zilizosimama wima, na ndoo ya plastiki.

Tuliisubiri mvua, na ilipokuja ilikuja usiku. Asubuhi walikuwa wameshazunguka vile vyombo kabla kengele haijagongwa. Chupa: milimita 14. Sufuria, kwa rula ileile: milimita 14. Ndoo ikawa na kina zaidi ya hapo. Yule kijana akashangilia, ameshinda. Binti mmoja akaipindua ndoo tupu ya darasa na kuanza kupima: mdomo mpana, kitako chembamba. "Inakusanya kwa mdomo mkubwa inaweka kwenye tako dogo, lazima ipande," akasema, na darasa likaangua kicheko kwa lile neno. Lakini jibu lilikuwa ndilo, na mimi sikuwa nimefungua kinywa. Chupa na sufuria ziko sawa juu hadi chini, kwa hiyo zinakubaliana hata kama moja ni kubwa mara kumi.

Baada ya hapo kazi ikawa ya zamu. Kila kundi wiki moja: mmoja anasoma akiwa amechutama, jicho usawa wa maji, wa pili anarudia kusoma bila kuambiwa mwenzake kapata ngapi, wa tatu anaandika kwenye kaunta buku. Muda ni saa 3 asubuhi, kila siku. Wikiendi walisoma wanaokaa jirani na shule, na kusema kweli ndio waliokuwa makini kuliko wote.

Februari mvua ikakata, jambo la kawaida huku. Zamu ikawa inakuta maji hayajapanda juu ya sifuri, na kundi moja likaacha kuandika. "Hamna kitu mwalimu, tuandike nini?" Nikawaambia waandike 0. Waliniona naleta mzaha. Nikawaambia nafasi tupu maana yake hakuna aliyekwenda kuangalia, sifuri maana yake mtu alikwenda, akaangalia, hakukuta mvua. Kuanzia hapo waliandika kwa kunitii tu, kuelewa kulikuja baadaye.

Wakati wa ukame huo tulihamia kwenye paa, tujue linapata lita ngapi mvua ikinyesha. Tulichora mita moja ya mraba sakafuni kwa chaki, tukatandika nailoni, tukazungushia kingo za udongo na kumwaga lita moja ya maji. Hayakusambaa sawasawa, maana sakafu yetu ina mabonde yake, lakini hesabu ilikaa: sentimita 100 kwa 100 kwa 0.1 ni sentimita 1,000 za ujazo, yaani lita moja. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mtoto akishalishika hilo, huna tena haja ya kumfundisha ujazo kwa mifano ya matenki ya kwenye kitabu.

Paa halipimwi kwa kulipanda. Unapima chini, kwa tepu, kufuata pale matone ya bati yalipochimba mstari kwenye udongo. Jengo letu la madarasa mawili lilitoka mita 18 kwa 8, mita za mraba 144. Mvua ile ya milimita 14 ikawa lita 2,016. Tukatoa sehemu moja ya tano kwa ajili ya yanayoruka na kuvuja, zikabaki kama 1,600.

Sasa, watoto wetu wanakuja shule na vidumu vya maji, lita tano kila mmoja, kutoka nyumbani. Watoto 80 kwa lita 5 ni lita 400. Sikuwaambia wagawanye. Wakagawanya wenyewe: siku nne za vidumu, zimemwagika usiku mmoja juu ya vichwa vya madawati yao na kuishia korongoni.

Hapo ndipo nilipokitoa kishikwambi.

Nilikichaji kwa mwalimu mwenzangu mwenye sola, nikafungua programu ya majedwali, nikaita kundi moja moja mezani huku wengine wakichora grafu kwenye karatasi za manila. Safu ya kwanza tarehe, ya pili milimita, ya tatu lita za paani. Niliwaonyesha fomula mara moja: chukua milimita, zidisha kwa 144, zidisha kwa 0.8. Walipoivuta chini na safu nzima ikajaa, hakuna aliyeuliza ni ya nini. Hesabu hiyo walishaifanya kwa penseli hadi vidole vikauma.

Sifuri nazo zikajieleza. Lile kundi lililoacha nafasi tupu lilipotafuta wastani wa siku zake, likapata mkubwa kuliko wenzao, wakadhani wiki yao imenyesha zaidi. Nikawapa mfano mdogo: 12, 0, 0, 6. Wastani ni 4.5. Futa sifuri mbili uache patupu, kifaa kinasema 9, kwa sababu nafasi tupu hakiihesabu. Siku mbili za jua zimefutika na shamba limepata mvua maradufu, kwenye kioo tu. Walirudi kwenye kaunta buku kujazia, ila siku ambazo hakuna aliyekuwa na uhakika nilikataa zijazwe. Waliziacha vilevile, na alama ya kuuliza pembeni.

Kikao cha kamati ya shule watoto wanne waliwasilisha. Mzee mmoja mjumbe akawabana: "Wajukuu zangu, hizo lita mmezipima au mmezibuni?" Wakamfungulia kaunta buku. Alisoma kurasa kadhaa kimya, akauliza kwa mwaka mzima zingekuwa ngapi. Kwa milimita 550, paa lote ni lita 79,200 kabla ya kutoa zinazopotea. Yakafuata majadiliano marefu ya fedha ambayo sitayarudia hapa. Wenye kamati za shule wanayajua. Lililopatikana ni gata, yaani mfereji wa bati wa kukinga maji ya paa, la upande mmoja wa jengo, wazazi wamechanga mabati na fundi ni baba wa mwanafunzi wetu. Tenki bado, kwa sasa maji yanaingia kwenye mapipa mawili yaliyokuwa yakitumika kwenye ujenzi.

Fundi alipokuwa bado juu ya ngazi, yule binti wa ndoo alikuja kuniomba kishikwambi. Gata ni la upande mmoja, kwa hiyo 144 si kweli tena. Akaweka 72, akatazama safu ya tatu ikishuka yote kwa mkupuo, kisha akaenda kumuuliza fundi upande wa pili ataumaliza lini.