Ndege wa Mida Hawana Habari na Alfajiri

Shemeji yangu ana sauti ya mtu anayejua. Hiyo ndiyo shida yake, na ndiyo iliyonigharimu kandambili mpya, nauli ya kwenda na kurudi, na Mwaka Mpya mzima. Nilipomwambia nataka kwenda Pwani kuangalia ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Urusi, aliacha chapati hewani akasema: "Ndege ni alfajiri, shem. Saa kumi na mbili uwe umeshafika. Jua likipanda utakuta wameenda zao." Huyu ni mtu ambaye ndege pekee aliyewahi kumfuatilia ni kuku wa kienyeji wa Krismasi.

Nikamwamini. Najitetea kidogo hapa: mimi ndege nimejifunzia Nairobi, na Nairobi ushauri huo una maana. Nilianza na wale korongo wenye upara pale Nyayo, nikiwa nimekwama kwenye jemu, nikihesabu viota vyao juu ya migunga ili nisigombane na makanga. Baadaye nikawa naiba ruhusa kazini niende na kundi la kuangalia ndege la Nature Kenya linalotoka Makumbusho ya Taifa Jumatano asubuhi. Huko kweli ukichelewa umekosa. Ila Nairobi hakuna bahari, na hilo shemeji hakulifikiria, wala mimi.

Watu huniuliza, ndege gani anakuja Kenya likizo Desemba? Wengi tu. Kule Siberia na kaskazini mwa Ulaya tope linaganda, na ndege anayeishi kwa kuchokoa minyoo na kaa kwenye tope hawezi kuchokoa barafu. Basi wanashuka. Wengine wanaanza kufika kwetu tangu Agosti, na wengi hawaondoki mpaka Aprili. Sisi huku ndiyo kaskazi inavuma, jua linachoma kisogo, nao wameshiba.

Safari yenyewe siielezi. Treni ya SGR kutoka Syokimau mpaka Miritini, halafu matatu za Malindi, unashuka Mida kabla hujafika Gede. Tiketi za sikukuu zinaisha mapema, hilo unalijua. Nauli za matatu siku hizo usiziulize.

Mwaka ule wa kwanza nilifika kando ya hori ya Mida, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, saa kumi na mbili kamili, shemeji oyee. Nilikuta maji. Maji tupu, yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko, yametulia kama beseni. Yangeyange mmoja tu alikuwa amekaa juu ya mti akiniangalia kwa huruma. Nikasubiri saa nzima na nusu, darubini shingoni, mbu miguuni. Saa moja na nusu nikasema basi, nikaenda barabarani kula mahamri na mbaazi. Sitadanganya, yalikuwa mazuri, nikaongeza mawili, chai, maongezi na mwenye kibanda kuhusu bei ya unga. Nikarudi saa nne.

Hori ilikuwa imeondoka. Pale palipokuwa na maji sasa palikuwa na uwanja wa tope wa kijivu unaong'aa, na mbali kabisa, kwenye ukingo wa maji, kulikuwa na vitu. Vinukta. Ungeweza kuniambia ni ndege, ungeweza kuniambia ni pilipili manga. Darubini yangu niliitoa Gikomba kwa elfu tatu na kidogo, na jicho moja lina ukungu, kwa hiyo nilichopata ni pilipili manga kubwa zaidi.

Nikaamua kuwafuata.

Tope la hori ukiliangalia unadhani ni sakafu. Hatua kumi za mwanzo zilinidanganya. Ya kumi na moja mguu ukaingia mpaka kwenye ugoko, nikavuta, mguu ukatoka, kandambili ikabaki. Nikapiga magoti nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilipata kombe, nilipata kitu kilichonibana kidole, kandambili sikupata. Na wale ndege, kila nikisogea hatua kumi, wao wanasogea ishirini, bila haraka, kama wadeni.

Ndipo akapita mama mmoja anatoka majini, leso kaifunga kiunoni, ndoo kichwani, anatembea juu ya lile lile tope kama yuko kwenye zulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepoteza nini?"

"Natafuta ndege."

Akaangalia juu. "Ya Malindi? Hiyo huruka kule."

"Si ndege hiyo, mama. Ndege hawa wa kwenye tope, wenye miguu mirefu."

"Ahaa! Hao saa mbili walikuwa hapa." Akaelekeza kidevu pale pale ilipozikwa kandambili yangu. "Wengi. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakula mahamri."

Alicheka mpaka akashika ndoo kwa mikono miwili. Halafu akanieleza, taratibu, kama mtu anavyomweleza mtoto mgeni. Kwamba maji yakianza kupwa, tope la karibu ndilo linalofunuka kwanza, na ndege wanakuja hapo. Yakizidi kupwa wanayafuata, tope likiwa bado laini, mpaka kule mwisho. Yakijaa yanawarudisha. "Usiwafuate. Kaa, utaletewa." Nikamuuliza, saa ngapi? Akanitazama kama nimeuliza Jumatatu ina rangi gani. "Inategemea mwezi, mwanangu."

Sasa hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, na nimekuwa mchoshi kwenye kila harusi ya ukoo tangu niligundue. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, Pwani kuna bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Siku hizo, ufuo wetu, yanajaa mnamo saa kumi hivi, alfajiri na tena jioni, na kupwa kabisa kama saa nne au saa tano. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanajaa kidogo, yanapwa kidogo, na saa zinageuka kinyume. Kila siku yanachelewa takriban dakika 50. Mimi siku ile nilikwenda mwezi umeandama juzi yake. Kwa hiyo saa kumi na mbili nilikuta yamejaa, saa nne nikakuta yamepwa, na kile kipindi cha katikati, ambacho ndicho cha pekee chenye maana, nilikitumia kutafuna.

Nikarudi Nairobi na kandambili moja. Niliiweka juu ya kabati la sebuleni ambapo shemeji hukaa.

Mwaka uliofuata nilianza na kalenda ya mwezi kabla ya kuanza na tiketi. Mamlaka ya Bandari hutoa jedwali la maji kujaa na kupwa la Kilindini, Mombasa, na siku hizi hata kwenye simu unalipata. Mwezi ulikuwa upevuke siku chache tu baada ya Mwaka Mpya, kwa hiyo nikachagua tarehe 2, maji yajae kama saa tisa alasiri. Alasiri, si alfajiri, na sababu ni jua. Pale niliponuia kukaa jua la alasiri liko mgongoni, ndege wote mbele yako wamemulikwa kama wako studio. Ukienda asubuhi upande ule unaona vivuli.

Kazini kulikuwa na mwingine wa kunishauri. Huyu alisema bila teleskopu ya miguu mitatu, ya laki na kitu, nisijisumbue. Ukiwa na pesa hizo nunua, sikukatazi. Mimi nilinunua sandak za mia mbili na kitu kule Malindi, zile za plastiki za kufunga, na hazikunivuka hata mara moja.

Kuna njia ya mbao inayoning'inia kwa kamba katikati ya mikoko, inatikisika ukitembea, inakufikisha kwenye kibanda cha kujifichia. Unalipa kidogo, na pesa hiyo husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Lipa bila kunung'unika. Nilifika saa sita na nusu, jua la kuvunja kichwa, watu wote wenye akili wako Watamu ndani ya maji. Chupa mbili za maji, kofia, na kanga niliyoilowesha nikajifunika mabegani.

Halafu ujanja wangu, ambao hakuna mtu alinifundisha. Maji yalipokuwa bado mbali nilishuka nikachomeka vijiti vitatu kwenye tope, cha mwisho kama hatua arobaini kutoka kibandani, vingine mbele yake kuelekea maji. Nikarudi nikakaa. Jicho halioni maji yakija, yanakuja kama mshahara unavyokwisha, lakini kijiti kinaona. Maji yakifika cha kwanza, toa darubini. Yakifika cha pili, acha kujikuna. Jedwali lilikuwa la Kilindini, na ndani ya hori maji huchelewa kwa sababu mlango wake ni mwembamba, kwa hiyo bila vijiti ningeanza kumlaumu aliyeliandika.

Kijiti cha kwanza kilipolowa nilisikia kabla sijaona. Filimbi saba saba za haraka: sululu. Ndiyo, jina moja na sululu ya kuchimbia mawe, na ukiuona ule mdomo uliopinda utajua aliyempa jina hakuumiza kichwa. Nyuma yao vitwitwi wadogo mamia, wanakimbia na ukingo wa maji, kichwa chini, wanashona tope kama cherehani. Wale wenye mdomo uliopinda kidogo kwa chini huzaliana Siberia. Nilikuwa nimekaa na mgeni wa Siberia hatua arobaini mbele yangu, na sikuwa hata na viza.

Kisha wakaja niliowafuata mwaka wa kwanza mpaka nikavuliwa kiatu: walakaa. Weupe, mgongo mweusi kama wamevaa kizibao, miguu mirefu ya kijivu-buluu, na mdomo mnene mweusi usiolingana na mwili, kama mtoto aliyeazima koleo la baba. Hawa hawatoki Siberia. Wao huzaliana huko Uarabuni na kandokando ya bahari zile, na hutaga kwenye mashimo wanayochimba mchangani, yai jeupe, moja kwa kawaida. Mmoja alisimama karibu na kijiti changu cha mwisho, akatulia, akakimbia hatua nne, akachopoa kaa, akampiga chini mara mbili, akammeza. Nilianza kuwahesabu. Nikafika 87.

Hapo simu ikalia. Sauti ya juu kabisa, ule wimbo wa Krismasi ambao mwanangu aliuweka bila kuniuliza. Hori nzima ikanyanyuka, anga likawa jeupe likawa jeusi, wakazunguka mara mbili wakatua ng'ambo.

"Shem, Heri ya Mwaka Mpya! Uliamka alfajiri?"

Sitaandika nilichomjibu. Walirudi, kwa sababu maji yalikuwa bado yanajaa na hawakuwa na pengine pa kwenda, lakini 87 zangu zilikuwa zimevurugika na ikabidi nianze upya. Zima simu. Si kupunguza sauti, zima.

Kesho yake nilikwenda mlango wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi. Pikipiki mpaka karibu na daraja, kisha mguu, pamoja na kijana wa pale, kwa sababu mle kuna viboko na mimi nina watoto. Heroe, buabua wamepanga mstari kwenye ulimi wa mchanga wote wakitazama upepo, na maji ya kahawia kama chai ya hotelini. Mto ule juu huitwa Galana, na juu zaidi ni Athi, na Athi ndio unaopokea mto Nairobi. Mimi naishi South B. Nilimwambia yule kijana kwamba maji niliyooshea vyombo yako hapa mahali fulani, akasema ndiyo maana ndege wamenenepa.

Orodha yangu ya siku mbili ina aina 41 za ndege, na tatu kati yake zina alama ya kuuliza. Januari karibu wote wamevaa kijivu, na kuna wawili wa mchangani ambao kitabu kinasema mmoja ana mdomo mnene kuliko mwenzake. Mnene kuliko upi, kama hawasimami pamoja? Nimewaandika "Kijivu A" na "Kijivu B".

Shemeji anataka kwenda nami mwaka huu. Ameshanunua kandambili.