Neosho ya mbao, wiki ya tisa: kumbe propela ni mbili

Haya nimerudi. Nilikua kimya manake nilifanya ujinga flani hivi, nilichonga shetri yote na propela moja katikati, nikapiga msasa mpaka mkono ukauma, nikapaka na praima, alafu usiku naangalia picha ya meli dada yake iko kwenye gudi naona propela mbili. Mbili! Nikazima simu nikalala. Asubuhi nikachukua tupa nikaanza upya.

Kwa aliyeingia leo, ninachojenga ni USS Neosho, meli ya kujazia mafuta manowari za Marekani, ile iliyozama Mei 1942 kwenye Bahari ya Matumbawe kule juu ya Australia. Skeli ni 1:350, kwa hiyo mita 169 za kweli kwangu zinakua sentimita 48 na kidogo, upana sita na nusu. Mwili ni mbao ya saipres niliyopewa bure na fundi wa makabati jirani, mabomba ya sitahani ni vijiti vya mishikaki, mpira wa kupitishia mafuta ni waya wa hedifoni zilizokufa.

Hizo propela mbili zina maana lakini. Meli za mafuta za enzi zile zilikua kobe, na kobe huwezi kumpeleka vitani akafuatane na manowari. Hizi za aina ya Cimarron serikali iligharamia injini kubwa makusudi ziweze kwenda maili 18 za baharini kwa saa. Neosho ilijengwa Kearny, New Jersey, ikaingia jeshini Agosti 1939, na ilikua inabeba mapipa kama 146,000. Nilipiga hesabu kwa malori ya mafuta haya tunayopishana nayo Changamwe, yale ya lita 36,000, nikapata zaidi ya malori 600. Ndani ya chombo kimoja, na watu wanalala humo humo.

Watu wengi (na mimi nilikua hivyo hivyo) tunapenda meli zenye mizinga. Lakini bila hii meli mizinga haifiki popote. Na kujaza mafuta safarini si kusimama kama petroli stesheni, meli mbili zinakwenda sambamba, mwendo mmoja, katikati pana makumi ya futi tu, mpira unaning'inia juu ya maji, na maji yanayopita katikati kwa kasi yanazivuta zigongane, kwa hiyo aliyeshika usukani hapepesi jicho. Marekani walianza mambo haya 1917 na meli inaitwa Maumee, iliyokua inawajazia mafuta manowari ndogo zikivuka Atlantiki, na ofisa mmoja aliyeusuka ule utaratibu ni Chester Nimitz. Mwaka 1942 huyo Nimitz ndiye mkuu wa meli zote za kivita za Marekani zilizokua chini ya Pacific Fleet, yaani za Bahari ya Pasifiki. Kwa hiyo bosi alikua anajua thamani ya meli ya mafuta kuliko mtu yeyote.

Turudi kazini. Wiki hii nimemaliza nyumba zote mbili za juu, ile ya katikati yenye daraja la nahodha na ile ya nyuma yenye dohani. Katikati yao pale ndo kichwa kinauma, mabomba, valvu, winchi, na ile njia ya juu ya kupitia watu sitaha ikifunikwa na mawimbi. Reli zake nimetumia pini na uzi. Mtoto wa dada yangu kaja kaikalia ile ya kwanza, basi hii ni ya pili.

Kabla ya Matumbawe ilikua Pearl Harbor, kambi ya meli za Marekani kule Hawaii, na hii stori huwa naisimulia mpaka watu wananikimbia. Tarehe 7 Desemba 1941 asubuhi Neosho imefungwa gatini kisiwa cha Ford, mbele yake na nyuma yake ni manowari kubwa kubwa, na imetoka kushusha petroli ya ndege. Mabomu ya Wajapani yanashuka. Nahodha John Phillips hakusubiri tagi (boti ya kuvuta meli) wala ruhusa, kamba zikakatwa kwa shoka, akairudisha meli kinyumenyume kupita karibu na manowari Oklahoma ambayo ndo inapinduka. Ingewaka pale sijui nani angebaki. Alipewa nishani ya Navy Cross kwa hilo.

Sasa Mei 1942. Tarehe 6 Neosho inajazia manowari za Marekani Yorktown na Astoria, ikimaliza inaambiwa ielekee kusini, mbali na vita, ikisindikizwa na manowari ndogo moja, Sims. Asubuhi yake ndege ya upelelezi ya Wajapani ikaziona ikaripoti manowari ya kubeba ndege na kruza! Kwa mbali ile sitaha ndefu bapa ikawadanganya. Manowari za Wajapani za kubeba ndege, Shōkaku na Zuikaku, zikarusha ndege 78. Walipofika wakatafuta hiyo manowari ya ndege hawaioni, za topido zikageuka zikarudi, lakini zile 36 za kushuka na mabomu zikaamua kumalizia hasira hapo hapo. Sims ilipigwa mabomu matatu ikakatika ikazama. Neosho ilipigwa saba, na ndege moja ikaiangukia juu. Na wakati hayo yanaendelea, ndege za Wamarekani zilikua zinaizamisha Shōhō, nayo ya Wajapani ya kubeba ndege, upande mwingine.

Hapa sisi wa Mombasa tunaingia kidogo. Shōkaku na Zuikaku hizo hizo, mwezi mmoja nyuma, Aprili 1942, zilikua Ceylon zinapiga Colombo na Trincomalee, na ndo Waingereza wakahamishia meli zao Kilindini. Babu yangu alikua kuli pale bandarini, alikua anasema meli za vita zilijaa mpaka unaona ng'ambo kwa shida.

Neosho haikuzama siku ile. Ilikaa siku nne, moto, imeinama upande, bila injini. Oscar Peterson, fundi wa maboila, tayari kaumia, akaingia kwenye mvuke akafunga valvu nne za bomba kuu kwa mikono yake, akaungua vibaya, akafa siku chache baadaye. Alipewa nishani ya juu kabisa ya Marekani. Valvu zangu ni vichwa vya pini, nikifika kwenye zile nne huwa nanyamaza kidogo.

Kinachoniudhi ni ile hesabu ya mahali. Walikosea walipotuma vipimo vya mahali walipo, waliokuja kuwatafuta wakaenda bahari tupu. Tarehe 11 ndo manowari ya Marekani Henley ikafika, ikaokoa watu 123 wakiwemo wachache wa Sims, ikaimaliza Neosho yenyewe. Lakini kuna waliojirusha majini mapema, walidhani wameambiwa waiache meli wakati waliambiwa wajiandae tu, 68 wakapotea na vyelezo vinne. Walipopatikana siku kadhaa baadaye walikua hai wanne.

Nimeulizwa mara tatu kama nitaiweka inawaka, pamba nyeusi na taa nyekundu ndani. Hapana. Nitaiweka jioni ya tarehe 6, kazi imekwisha, mipira imekunjwa, na Sims pembeni. Ila kuna shida: imetoka kugawa mafuta, lazima ielee juu zaidi ya meli iliyojaa, na mimi mstari wa rangi nyekundu nilishauchora chini kabisa. Kwa hiyo naupandisha milimita mbili tatu, msasa tena. Rangi ya juu nimechanganya kijivu na buluu, bado haijanikaa sawa, ikikauka inakua kama ukuta wa zahanati.

Sims nayo nimeshaichonga, sentimita 30, nyembamba kama kalamu. Nikitoa tu kibanzi hiki kilichoniingia kidoleni naanza milingoti.