Uzoefu wangu na jiko la indaksheni jijini Arusha

Mtungi wetu wa gesi wa kilo 15 ulikuwa ukidumu wiki 6, na ulizoea kuisha usiku, duka la jirani hapa Sakina likiwa limeshafungwa na ndizi zikiwa nusu zimeiva. Kero hiyo ndiyo iliyonifanya ninunue jiko la indaksheni la pleti moja, lenye wati 2,000, kwa Sh 115,000. Kwa kuwa sikutaka kudanganywa na upya wa kitu, niliweka daftari jikoni, na kwa miezi 8 nikawa naandika uniti zilizosomeka kwenye mita ya umeme ya LUKU kabla ya kuanza kupika na baada ya kumaliza, nikizima jokofu kwanza ili hesabu isivurugike.

Jioni ya kwanza sikupika chochote. Jiko lilitoa mlio, likaonyesha alama ya hitilafu, likazima, kwa sababu sufuria zangu zote zilikuwa za alumini, kama zilivyo za nyumba nyingi hapa kwetu. Jiko la aina hii halitoi joto lenyewe: chini ya kioo chake kuna koili ya shaba inayopitisha umeme unaogeuza mwelekeo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na uga wa sumaku unaotokana na umeme huo huamsha mikondo ya umeme ndani ya kitako cha sufuria, nacho kitako, kikiwa cha chuma, hupata moto kwa kuipinga mikondo hiyo. Alumini hainaswi na sumaku na hupitisha umeme kwa urahisi mno, hivyo haipati joto la maana. Nilichomoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, nikaenda nayo Soko Kuu na kuigusisha kwenye kitako cha kila sufuria niliyoipenda. “Dada, unatafuta sufuria au unapima dhahabu?” aliniuliza mwenye duka, lakini nilipomweleza aliichukua sumaku yangu na kuanza kupima bidhaa zake mwenyewe, tukagundua pamoja kwamba baadhi ya zile zinazong'aa na kuuzwa kama chuma kisichoshika kutu hazikunasa hata kidogo. Tatu zilizonasa zilinigharimu Sh 140,000, yaani zaidi ya bei ya jiko lenyewe, na hesabu hii ya sufuria ndiyo wanunuzi wengi huisahau. Katika vyombo vyangu vya zamani kilichonusurika ni kikaango cha chuma cha chapati, nacho, nakiri, hakijawahi kuchoma chapati vizuri kama sasa.

Kwa kasi, gesi haifui dafu. Lita 2 za maji huchemka kwa dakika 6 hivi, na jikoni hakuna joto la ziada wala masizi. Hata hivyo Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na hakuna jiko linaloweza kulibadilisha hilo. Jumamosi moja nilibandika makande, mahindi na maharage yakiwa yamelowekwa usiku kucha, nikaenda kufua. Niliporudi baadaye sana jiko lilikuwa kimya na mahindi bado magumu, kwani jiko langu hujizima lenyewe baada ya saa 2 lisipoguswa. Ni tahadhari nzuri dhidi ya ajali, ila maelezo yake yaliandikwa kwa herufi za sisimizi. Tangu siku hiyo makande nayapika kwenye sufuria ya presha yenye kitako cha chuma, na huiva kabla ya saa 1 kwisha, yakila pungufu ya uniti 1.

Ugali ndio ulionishinda. Kusonga kunahitaji nguvu, sufuria huteleza juu ya kioo, na ukiiinua kidogo ili uishike vizuri, jiko hudhani imeondolewa na kukata moto. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Machame, alinitazama nikihangaika kwa dakika chache, kisha akasema, “Mwanangu, washa gesi tule.” Pilau nayo ina tabu yake: kwenye moto mdogo jiko la bei hii halipunguzi nguvu hasa, bali huwaka kwa nguvu na kuzima kwa zamu, hivyo chini huungua wakati wali wa juu bado una kiini. Na kupalia mkaa juu ya mfuniko, sufuria ikiwa juu ya kioo, sithubutu.

Nyumba yetu ni ya zamani. Wati 2,000 kwenye volti 230 ni karibu ampea 9, na ekstensheni niliyoitumia wiki ya kwanza ilianza kunuka plastiki, hadi fundi umeme aliponiwekea soketi ya peke yake.

Sasa indaksheni hufanya robo tatu ya mapishi yetu, kwa wastani wa uniti 2 kwa siku. Uniti moja hunigharimu takribani Sh 356 pamoja na kodi na tozo, yaani kama Sh 21,000 kwa mwezi, na mtungi ninaoujaza kwa Sh 56,000 unadumu zaidi ya miezi 5. Zamani gesi peke yake ilikuwa Sh 40,000 kwa mwezi. Sasa vyote viwili havifiki Sh 33,000. Kwa mwendo huo jiko na sufuria havitajilipa kabla ya miaka 2. Mtungi hauondoki, maana umeme ukikatika jioni, indaksheni ni kipande cha kioo tu.

Jirani yangu aliyevutiwa nalo yuko kwenye daraja la wateja wa matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao hulipa bei nafuu zaidi. Uniti 60 za kupikia zingemtoa humo, na hata taa na pasi yake vingeanza kulipiwa kwa bei ya juu. Nilimwonyesha daftari, akapiga hesabu zake, akaenda kununua mtungi wa kilo 6.