Ubingwa wa ngozi Marekani, na barabara ya Taveta

Binti ya kakangu anafanya intanshipu katika hospitali moja hapa Mombasa na ameshakata shauri: anataka ubingwa wa ngozi, na anautaka Marekani. Wa kuulizwa ni mimi, kwa kuwa ndiyo shughuli yangu huko, na nipo likizo, sina pa kukimbilia.

"Shangazi, Step 2 nipate alama ngapi?"

Kila daktari kijana anayenipigia simu kutoka Pwani huanza hapo. Step 1 na Step 2 ni mitihani ya USMLE, ya leseni ya udaktari Marekani. Wa kwanza, Step 1, tangu Januari 2022 hautoi alama tena. Ni kufaulu au kuanguka. Step 2 bado una alama, na lazima ziwe za juu, ila kila aliye kwenye foleni ile anazo za juu. Nafasi za ngozi nchi nzima ni kama 500 kwa mwaka, na karibu zote huenda kwa waliosoma vyuo vya huko huko. Tuliosoma nje tukapenya ni wachache mno.

Kinachokata maneno ni nani anakujua. Sisemi mlungula. Idara za ngozi ni ndogo, nyingi huchukua watu watatu au wanne kwa mwaka, na wataishi nawe miaka mitatu. Kwa hiyo humtafuta mtu ambaye sifa zake wamezisikia kwa mtu wanayemwamini. Kijana wa Ohio ameshakaa kliniki na maprofesa wao tangu yuko chuoni. Wewe unakuja na barua ya profesa wa Nairobi au Eldoret, bingwa kweli kweli, lakini wanaoisoma hawamjui, na barua yake inapita kama karatasi nyingine.

Ndiyo maana wengi wetu hupitia utafiti kwanza, mwaka mzima au zaidi. Unakaa kwenye idara ya ngozi, unachambua mafaili ya wagonjwa, unapanga picha, unaandika makala ambazo jina lako linakuja la nne. Wapo wanaofanya kazi hiyo bila malipo. Mimi nililipwa kiasi cha kodi na nauli. Na huku nyumbani, Kibokoni nzima, nilikuwa tayari "daktari wa Marekani", kila harusi nimewekwa kwenye orodha ya mchango, wakati sikuruhusiwa hata kumwandikia mtu dawa ya upele. Mpwa wangu alicheka hapo. Nikamwambia acheke sasa, kwa sababu akifika huko atapigiwa simu hizo hizo.

Makaratasi hayana utamu, nitayapitia haraka. Lazima upate cheti cha ECFMG, ndio wanaothibitisha madaktari waliosoma nje. Mitihani ya USMLE kwa mtu wa nje inagharimu dola 1,000 na ushei kila mmoja. Maombi yenyewe hupita kwenye mfumo uitwao ERAS, na programu, yaani idara zinazofundisha ubingwa, huanza kuyasoma mwishoni mwa Septemba. Waombaji wa ngozi hupewa pia alama za kuonyesha mapenzi, 3 za dhahabu na 25 za fedha, uziweke kwenye programu unazozitaka kikweli. Mtu asiyejua huzimwaga zote kwenye majina makubwa. Ziweke mahali ambapo kuna mtu atakayesema, "Huyu nimefanya naye kazi."

Halafu Match, ndipo waombaji na programu hupangiwa. Mamangu hakuielewa kabisa mpaka nilipomweleza kwa posa. Nyumba ndizo programu, wasichana ndio waombaji. Kila nyumba inaandika orodha ya wasichana iliowahoji, kuanzia inayemtaka zaidi. Kila msichana naye anaandika nyumba zilizomhoji, kuanzia anayoipenda zaidi. Orodha zinaingizwa kwenye kompyuta. Jumatatu ya wiki ya tatu ya Machi unaambiwa umepata au hukupata. Ijumaa ndiyo unaambiwa ni nyumba gani. Na hakuna kusema sitaki, ukishapangiwa umeshafungwa.

"Na mahari?" mamangu akauliza.

Mahari hulipa msichana mwenyewe, nikamwambia: dola 11 kwa kila programu katika 30 za mwanzo, zaidi ya hapo dola 30 kila moja. Mamangu akasonya.

Jambo moja watu wengi hawalijui: hesabu ya kompyuta ile imeundwa kumpendelea mwombaji. Kwa hiyo hakuna ujanja wa kuitanguliza programu "inayowezekana" na kuishusha uipendayo. Andika moyo wako ulivyo. Jambo la pili linawaumbua wageni: nafasi nyingi za ngozi huanzia mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza unaufanya kwenye magonjwa ya ndani au upasuaji, mara nyingi mji mwingine, na unauombea peke yake. Jumla minne. Mimi mwaka ule niliufanya kwenye mji wa theluji hadi Aprili, nikahama na masanduku mawili na mkeka.

Viza ya kawaida ni J-1. Inadai barua ya Wizara ya Afya, Afya House pale Nairobi, kwamba Kenya inahitaji mabingwa wa fani yako na kwamba utarudi. Ukimaliza, unatakiwa urudi nyumbani miaka miwili, isipokuwa upate msamaha, na njia inayojulikana ni kufanya kazi miaka mitatu sehemu ya Marekani yenye uhaba wa madaktari. Hii ndiyo sehemu pekee iliyompendeza mamangu.

Insha ya kujieleza tuliisoma pamoja. Ilianza, "Tangu utotoni nimeipenda fani ya ngozi." Nikaikata. Hakuna mtoto wa Bondeni aliyekua akiipenda fani ya ngozi. Tulikua tukipakwa poda ya harara. Nikamuuliza ameona nini wodini. Akaanza: mama mwenye uso uliochunika kwa mkorogo, na bado ameshikilia kikopo, mtoto wa Kwale mwenye funza nyayo zote, mzee wa mkanda wa jeshi aliyechelewa kwa sababu alipelekwa kwanza kwa mganga. Basi, andika hayo. Wenzangu huko wanafundishwa kutafuta wekundu, na kwenye ngozi yetu huo wekundu huja zambarau, au kahawia, au wa kijivu, na mara nyingine hauji kabisa. Yeye haya anayajua bila kufundishwa, lakini malezi yetu ya kutojisifu yanamfanya ayafiche.

Halafu nikamwambia asilotaka kusikia. Moshi, Tanzania, kuna kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda, pale hospitali ya KCMC, tangu 1992. Daktari anasoma ubingwa miaka minne. Wanatibu watu wenye ualbino, na losheni ya kuwakinga na jua inatengenezwa huko huko Moshi. Ukoma, ambao kwa wengi wa wenzangu ni picha ya kitabuni, utauona kwa macho yako. Kutoka hapa ni Voi, Taveta, unavuka Holili, umefika. Kama nia yake ni kutibu watu wa Pwani, sioni kwa nini azunguke kupitia Ohio. Kama nia ni utafiti mkubwa au kuishi huko, hilo ni jambo lingine, na asione haya kulisema.

Alinuna siku mbili. Jana usiku akatuma ujumbe: je, barua ya Wizara inaombwa kabla ya Match, na basi la Taveta linaondoka saa ngapi? La kwanza nimemjibu: pata nafasi kwanza, barua inafuata. La pili aende mwenyewe Mwembe Tayari akaulize.