Kitasa cha Mlango wa Choo

"Mama, mbona mikono yako ina ngozi ya bibi?" mwanangu kaniuliza jana tukiosha vyombo. Nikacheka, nikamwambia asuuze vikombe. Ila akili ilishakwenda kwenye ule mwaka wa udhu usiokwisha, pipa la maji likijazwa alfajiri na adhuhuri limekauka.

Hivi ndivyo nilivyokuwa. Nikiosha mkono, moyo unasema bado. Ustadhi alinieleza kwa upole: mara tatu kila kiungo yatosha, na yakini haiondolewi na shaka. Nikaitikia, nikarudi bombani. Hukumu naijua, sasa?

Daktari akaniandikia vidonge, hivyo hivyo vya sonona, akanitahadharisha kwamba kwa OCD, yaani maradhi ya wasiwasi unaokulazimisha kurudia jambo lile lile, huenda zikapita wiki 8 hadi 12 kabla ya nafuu ya maana. Kisha akanipeleka kwa dada wa saikolojia.

Huyo alinisimamisha mbele ya choo cha wagonjwa. Akakishika kitasa kwa kiganja kizima, akajipangusa usoni, akamega andazi, akala. "Haya mdogo wangu, zamu yako." Kitasa kilikuwa na unyevu, sijui wa nani. Nikashika. "Kati ya 0 na 100, hofu ngapi?" Nikasema 95. Jasho linanitiririka mgongoni, vidole nimevitanua visigusane. Bomba la karidoni linavuja, nasikia kila tone. Akasema: usinawe, usifute, hata dua ya kujituliza usisome. Ukinawa hofu inapoa, na akili inazidi kuamini kwamba bila maji haipoi. Tukakaa kwenye benchi. Akaanza kunihadithia mwenye nyumba wake anayedai kodi kabla ya tarehe. Alipouliza tena nikasema 80, baadaye 60, halafu nikajikuta nimeegemeza shavu kwenye kiganja kile kile, nataka kujua kama kodi ililipwa.

Yaliyofuata ni vitasa vingine, machozi mengine, na udhu uliofupika taratibu. Nimekuja kusoma kwamba tiba hii mwanasaikolojia Victor Meyer aliiandika mwaka 1966, huko London. Mama yangu hana habari naye. Kwake yeye kilichoniponya ni kombe la zafarani aliloniletea, na kila Ramadhani humpelekea aliyeliandika kilo mbili za tende. Nishindane naye kwa lipi? Kombe nililinywa kweli, tena wiki zile zile nilizoanza vidonge.