Tuliuita uvivu

Cherehani ya dada yangu ilikaa wiki tatu imefunikwa kanga, gauni la mteja likiwa bado limebanwa chini ya sindano, na sisi nyumbani tuliiita hali ile uvivu. Shangazi alidhani ni husuda ya watu. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alikuwa akiamka saa tisa usiku na kukaa kitandani mpaka adhana ya alfajiri.

Siku aliponiambia, "Mdogo wangu, moyo umekuwa mzito, sina hamu na chochote," nilimpeleka hospitali ya wilaya. Daktari alimuuliza kuhusu usingizi, chakula na, waziwazi kabisa, kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo lilinishtua, ingawa sasa najua kwamba kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, bali humpa nafasi ya kulisema. Alitueleza kuwa huzuni humpata kila mtu, lakini ikimwandama karibu siku nzima kwa wiki 2 au zaidi, ikamwondolea raha ya alivyovipenda na kumvurugia usingizi na kazi, huenda hiyo ni sonona, ugonjwa unaotibika kwa ushauri nasaha, dawa au vyote viwili.

Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na wengi huziacha mapema wakidhani hazifai, jambo linaloniuma sana. Dada aliendelea kuzinywa. Wiki ya sita aliondoa kanga juu ya cherehani, akaniomba nimtungie uzi.